Kwa Nini Majibu ya Mishiri Yalichelewa Siku Mbili

Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti mbele ya vikundi vya wakulima wa mishiri, kwenye kituo cha kukusanyia mazao



Najua wengi wenu mlitarajia kumsikia afisa wa kilimo au mtu wa maabara, na hao wangefaa kuliko mimi. Lakini si wao waliotangaza redioni kwamba majibu ya sampuli zenu yangetoka Jumanne saa nne asubuhi. Ni mimi. Yalitoka Alhamisi saa nne. Kwa hiyo nilimwomba Bibi Afisa aniachie jambo hili nilieleze mwenyewe, na akakubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Hasara yenyewe mnaijua nyinyi kuliko mimi. Mishiri haingoji mtu. Usipoichuma kwa siku mbili, punje huvimba ndani ya ganda, na ile iliyokuwa ya gredi ya juu inakuwa ya kupelekwa sokoni au ya kulisha ng'ombe. Kuna waliowalipa vibarua wachume na kreti zikalala hapa kituoni kwa sababu mnunuzi alikataa kupakia bila barua ya maabara. Kuna walioacha mishiri shambani. Mama mmoja aliniambia kwamba alishakopa pesa ya karo akitegemea malipo ya wiki hiyo. Nayataja haya mwanzoni ili asifikiri mtu kwamba nimekuja kusema siku mbili ni kitu kidogo.

Tena kulikuwa na maneno. Kwamba maabara inangoja chai. Kwamba majibu yako tayari ila kuna wakubwa wanayachuja kwanza. Siwalaumu waliosema hivyo, kwa sababu ofisi yangu haikuwapa neno jingine la kusema. Jumatatu adhuhuri niliweka picha ya mashine kwenye ukurasa wa kaunti, taa ya kijani inawaka, na chini yake nikaandika kwamba mashine iko kazini. Halafu kukawa kimya. Mzee mmoja aliye hapa leo, namwona, alikuja ofisini kwangu Jumanne jioni, akaweka kofia yake juu ya meza yangu, akauliza: "Kijana wangu, mashine imewaka, taa tumeiona kwenye picha uliyoiweka wewe mwenyewe. Mnangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kidogo tu, na kile kidogo sikujua kukieleza. Kesho yake nilirudi maabara nikakaa huko, nikamwomba mtaalamu anieleze kila kitu tangu mwanzo kama anayemweleza mtoto wa darasa la nne. Jumatatu na Jumanne nilikuwa nimeshinda pale pia, lakini nilikuwa nikitazama saa badala ya kutazama kazi. Maabara yenyewe sitaitaja kwa jina, maana kosa ninalolisimulia halikuwa la maabara.

Tuanze na kinachotafutwa. Mnakumbuka mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoanza kukagua shehena moja kati ya kila kumi za maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya, kwa sababu ya masalia ya dawa, hasa ile ya daimethoeti. Wakulima wengi nchini waliachwa na wanunuzi wao wakati ule. Kisha Januari 2020 Umoja huo ukakataa kuongeza idhini ya klorpairifosi, na kiwango chake kwenye vyakula kikashushwa hadi miligramu 0.01 kwa kila kilo. Miligramu 0.01 ni kitu gani? Chukua tani nzima ya mishiri, kilo 1,000. Kiwango hicho ni miligramu 10 zilizotawanyika ndani ya tani hiyo yote. Ni kama punje chache za sukari. Hicho ndicho kinachotafutwa, na ndiyo maana hakitafutwi kwa macho wala kwa pua.

Mashine inayokitafuta ina sehemu mbili, na jina lake refu ni kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi. Tuiite mashine tu. Sehemu ya kwanza ni tanuri. Ndani yake kuna mrija mwembamba wenye tundu dogo sana, umezungushwa kama waya wa stima kwenye roli, na ukiunyoosha mara nyingi unafika mita 30. Mishiri yako inasagwa, inakamuliwa kwa kemikali, inasafishwa, halafu tone dogo la ule mkamuo linadungwa kwa sindano kwenye mdomo wa mrija. Linageuka mvuke kwa joto, na gesi ya heli, ile nyepesi inayojazwa kwenye maputo, inausukuma mvuke huo ndani ya mrija. Kila kitu kina mwendo wake humo. Kingine kinatoka upande wa pili mapema, kingine kinachelewa. Kwa hiyo vitu vilivyoingia vimechanganyika vinatoka kwa foleni.

Sehemu ya pili inasimama mwisho wa ile foleni kama karani wa mizani. Inavipiga vile vitu kwa umeme mpaka vinavunjika vipande vipande, kisha inapima uzito wa kila kipande. Klorpairifosi huvunjika kwa namna yake, na vipande vyake vina uzito wake. Ukiona vipande vile, kwa wingi ule, kwa dakika ile ya foleni, umeipata.

Sasa hapo ndipo penye shida yote ninayotaka kuwaeleza. Vile vipande ni vidogo mno, na vinatakiwa kusafiri kutoka vinapovunjikia mpaka vinapopimwa bila kugongana na kitu chochote njiani. Hewa ikiwamo vitagongana nayo, na vingi havitafika. Kwa hiyo chumba kile lazima hewa itolewe, mpaka ibaki chini ya sehemu moja kwa milioni kumi ya hewa tunayoivuta hapa. Kwa Kiswahili mahali palipotolewa hewa hivyo panaitwa ombwe. Kuna pampu mbili za kazi hiyo. Moja ni ya mafuta, inaanza na kutoa hewa nyingi. Nyingine ina mapanga yanayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, hiyo inamalizia. Zinatakiwa zifanye kazi usiku na mchana. Mashine hii haizimwi jioni na kuwashwa asubuhi kama kompyuta ya ofisini.

Jumapili usiku stima ilipotea. Betri za akiba zilishikilia kwa muda wake zikaisha. Jenereta haikuwaka. Jumatatu asubuhi mtaalamu alifika akakuta mashine baridi kabisa, pampu kimya, chumba kimejaa hewa. Mimi nilikuwa nimeshatoka redioni.

Kuiwasha tena kuna utaratibu, na utaratibu ule haurukwi. Kitu cha kwanza alichokigusa ni mtungi wa heli, hata kabla ya swichi. Alihakikisha gesi inapita ndani ya mrija kabla ya kuwasha joto, kwa sababu ukiuchoma mrija ule huku ndani kuna hewa, utando uliopakwa ndani yake unaharibika, na mrija mpya ni pesa nyingi. Akafunga valvu ya kuingizia hewa. Akawasha pampu, huku anausukuma kwa kiganja mlango wa pembeni wa kile chumba mpaka ukanyonywa na kushika. Nilimuuliza kwa nini anausukuma. Akaniambia mlango ule unazibwa na mpira wa duara, na unywele mmoja tu ukilala juu ya mpira, hewa ina pa kupita.

Pampu ya mafuta ilianza kwa kuguguma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, kisha ikatulia. Hiyo ilikuwa dalili nzuri. Ingeendelea kuguguma, ingekuwa na maana kwamba kuna tundu kubwa mahali. Pampu ya pili ikashika mwendo ndani ya dakika chache. Isiposhika, mashine hujizima yenyewe. Kisha kompyuta ikasema haioni mashine yoyote. Nikajua basi, siku imeharibika. Mtaalamu akainama nyuma ya meza, akasukuma waya wa mtandao uliokuwa umelegea, kompyuta ikaona. Nilicheka, yeye hakucheka. Alisema amewahi kuona watu wakimwita fundi kutoka Nairobi kwa sababu ya waya kama ule, na tangu siku hiyo huanza na vitu vya bure kabla ya vitu vya pesa.

Saa sita mchana taa ilikuwa ya kijani. Hapo ndipo nilipopiga ile picha.

"Madam, tayari?" nikamuuliza.

"Tayari kwa nini?"

"Kupima."

"Ndugu yangu wa habari, hiyo taa inasema pampu zinazunguka na joto limefika. Haisemi hewa imetoka."

Akaniambia tungoje saa nne hivi, na ikiwezekana mpaka asubuhi. Mimi nilisomea uandishi wa habari, na jambo tulilofundishwa kuliko yote ni kuwahi. Kungoja kitu ambacho kwa macho kimeshakuwa tayari kulinitia kichaa. Jioni, saa kumi na moja, alikubali kutazama. Alichofanya ni kuiambia mashine ipime kilichomo ndani ya chumba chake yenyewe, kabla ya kudungwa kitu chochote. Ikatoa milima kwenye kioo, kila mlima na namba ya uzito. Mlima wa 18, huo ni maji. Mlima wa 28, nitrojeni. Mlima wa 32, oksijeni. Yote mitatu ilikuwa mirefu.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa. Hewa iliyotuzunguka sehemu kubwa ni nitrojeni, na kwa kila oksijeni moja kuna nitrojeni karibu nne. Ukiona ndani ya mashine 28 na 32 zimesimama pamoja kwa kipimo kile kile cha nne kwa moja, unaona hewa ya kawaida, hewa ya chumba hiki. Lakini hiyo bado haikuambii kama ni hewa ya jana inayomalizika kutoka au ni hewa mpya inayoendelea kuingia. Maji vilevile. Chumba kikishakaa wazi, unyevu hunata kwenye kuta za ndani kama umande, na hutoka polepole kwa joto.

Kipimo cha kutofautisha ni muda, basi. Hakuna kifaa kingine. Kilichonata ndani kitapungua kadiri unavyongoja. Kinachoingia kutoka nje hakitapungua hata ungoje wiki. Ndiyo maana mtaalamu alifunga mlango, akanitakia usiku mwema, akaenda nyumbani. Mimi nilipanda matatu nikijua kwamba kesho saa nne nitaumbuka, na sikuwa na ujasiri wa kurudi redioni usiku ule kusema nimekosea. Hilo ndilo kosa lenyewe. Ningesema Jumatatu jioni, wengi wenu msingeajiri vibarua wa Jumanne.

Jumanne asubuhi maji yalikuwa yameshuka, mlima wa 18 umebaki kichuguu. Ile ya 28 na 32 ilikuwa palepale. Nne kwa moja. Kwa hiyo kulikuwa na tundu.

Kabla ya kulitafuta, alifanya jambo moja ambalo alisema si la kawaida, alilifanya kwa ajili yangu kwa vile nilikuwa nimemsumbua sana. Maabara huweka mkamuo wa mishiri safi isiyopigwa dawa, halafu ndani yake wanatia klorpairifosi kwa makusudi, kipimo kinachojulikana, miligramu 0.01 kwa kilo, kile kile cha Ulaya. Wanaitumia kuijaribu mashine. Aliidunga. Tukangoja karibu nusu saa. Foleni ikapita yote. Kwenye dakika ambayo klorpairifosi hutokea, kioo kilikuwa kimenyooka kama barabara ya lami. Mashine ikaandika: haikuonekana.

"Umeona?" akaniambia. "Dawa imo, nimeitia kwa mkono wangu. Mashine imewaka, taa ni ya kijani, inadunga, inachora, inatoa karatasi yenye nembo. Na karatasi inasema mishiri ni safi."

Wakulima wenzangu, kabla ya siku ile nilidhani mashine mbovu ni mashine isiyowaka. Isiyowaka haina hatari, kila mtu anaiona. Hii ilikuwa tayari kutupa barua nzuri sana. Ningewasomea redioni Jumanne saa nne kama nilivyoahidi, mngenishangilia, kreti zingepakiwa. Na huko ziendako kuna maabara nyingine yenye mashine isiyo na tundu. Mishiri yetu yote husafiri kwa jina la kituo kimoja. Kreti moja ikikamatwa, si kreti moja inayorudishwa.

Nirudi kwenye tundu. Nyumbani ukishuku mtungi wa gesi ya kupikia unavuja, unafanyaje? Unapaka povu la sabuni kwenye maungio, unatazama mapovu. Nilimwambia mtaalamu hivyo nikijiona mjanja. Akaniuliza: "Gesi ya mtungi inakwenda wapi?" Inatoka nje. "Na hewa hapa inakwenda wapi?" Inaingia ndani. Basi hakuna povu litakalotoka, sabuni yenyewe itanyonywa ndani, na kusafisha sabuni ndani ya chumba kile ni kazi ya siku kadhaa. Mfano wake ni mrija wa soda wenye kitundu. Ukivuta, soda haimwagiki nje. Unavuta hewa tu, na soda inakufikia kidogo au haikufikii kabisa.

Wanatumia gesi nyingine badala ya sabuni. Yeye alitumia argoni, hiyo hiyo ambayo baadhi ya mafundi wa kuchomelea vyuma wanayo kwenye mitungi. Argoni ina uzito wa 40. Unaiweka mashine ichunge namba 40 peke yake, halafu unapuliza argoni kidogo kwenye ungio moja, unangoja, unatazama kioo. Kama kuna tundu pale, argoni inanyonywa na mlima wa 40 unaruka. Kama hakuna, unakwenda ungio la pili. Moja moja, bila haraka, kwa sababu ukipuliza ovyo ovyo gesi inatambaa na hutajua imeingilia wapi.

Alianza na mlango, kwa kuwa ndio ulio mkubwa na ndio hushukiwa kwanza. Kimya. Valvu ya kuingizia hewa. Kimya. Akaenda kwenye nati ndogo pale mrija unapotoka kwenye tanuri na kuingia kwenye chumba cha ombwe. Hakuwa amemaliza kupuliza, mstari ukapanda.

Ndani ya nati ile kuna pete ndogo inayoubana mrija usiachie hewa. Pete hiyo imetengenezwa kwa mchanganyiko wa grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, na plastiki ya kuhimili joto. Ina tabia moja. Ikipata joto kali kisha ikapoa, inasinyaa kidogo, na nati iliyokuwa imekaza inakuwa imelegea bila kuguswa na mtu. Mashine ilikuwa moto wiki nyingi mfululizo, Jumapili usiku ikapoa ghafla, Jumatatu ikapashwa upya. Ndivyo kukatika kwa stima kwa usiku mmoja kulivyokuja kuwa tundu la siku mbili. Hakuna aliyeharibu kitu.

Alichukua spana ndogo, akaizungusha nati sehemu isiyofika robo ya mzunguko. Hakukaza zaidi, kwa sababu ukizidisha pete inavunjika na unaanza upya. Mlima wa 40 ukashuka. Ndani ya saa moja 28 na 32 zilianza kuteremka pamoja kama watu wawili wanaoshuka kilima.

Mchana ule aliirekebisha mashine kwa kimiminika maalumu kilichomo ndani yake, ambacho vipande vyake vinajulikana duniani kote: 69, 219, 502. Mashine inalinganisha inachokiona na kinachotakiwa kuonekana, na inajisahihisha. Nitrojeni isizidi sehemu moja ya kumi ya ule mlima wa 69, hicho ndicho kipimo alichokuwa akikitaka, na alikipata jioni. Kisha akaichukua ile chupa ndogo ya asubuhi, ile ile, akaidunga tena. Dakika yake ilipofika, kioo kikainuka kilele chembamba kilichosimama wima. Hapo ndipo aliposema tayari, na saa ilikuwa karibu kumi na mbili. Ni saa ile ile ambayo mzee wetu alikuwa ofisini kwangu na kofia yake. Nilipigiwa simu nimrudie, nikamwacha maabara akianza kupanga chupa.

Sampuli zenu 12 zilipimwa usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kila moja karibu nusu saa, na katikati yake ile ya majaribio ikirudiwa ili kuhakikisha mashine haijabadilika. Jumatano ilitumika kwa nini? Kumi na moja zilikuwa sawa. Moja ilizidi. Mtaalamu hakukubali kuandika barua ya kumfungia mtu soko kwa kudunga mara moja, hasa kwenye mashine iliyotoka kuugua. Alirudi kwenye mishiri ya mkulima yule iliyobaki kwenye jokofu, akasaga upya, akakamua upya, akapima mara mbili. Ikazidi mara zote. Barua zikasainiwa Alhamisi asubuhi.

Mkulima huyo simtaji na naomba msimtafute. Yeye mwenyewe alikuja kwa afisa wa kilimo akaeleza. Alinunua dawa iliyopimwa kwenye chupa isiyo na karatasi, akapiga, akachuma baada ya siku tatu kwa sababu mnunuzi alikuwa anakuja. Kwenye karatasi ya kila dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu kumeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Chupa isiyo na karatasi haina siku. Bibi Afisa atalizungumza hilo baada yangu, kwa hiyo silimalizi.

Nitaje tu kwamba sampuli ya mkulima huyo ndiyo ambayo mashine ya Jumatatu ingeandika haikuonekana. Wale kumi na mmoja walioathirika na kungoja walikuwa hawana hatia yoyote, hilo nalijua, na hakuna namna ya kulieleza likawa tamu.

Kuna mambo tuliyobadilisha. Mengine ni madogo. Ofisi yangu haitatangaza tena saa ya majibu mpaka maabara iwe imepitisha ile chupa ya majaribio. Tutatangaza siku ya kupokea sampuli, kisha tutatangaza mashine imefaulu majaribio, kisha ndipo tutasema lini. Stima ikikatika tutawaambia siku ile ile, hata kama ni usiku, kwa redio na kwa ujumbe mfupi kwa wenyekiti wa vikundi, ili mjue mapema kama mchume au msichume. Na barua ya majibu sasa itakuwa na mstari unaoeleza kiwango kidogo kabisa ambacho mashine iliweza kukiona siku ile. Mkisoma "haikuonekana", someni na mstari huo wa chini yake. Mstari huo usipokuwepo, rudisheni barua, hata kama ina muhuri wa kaunti.

Jambo kubwa ni jenereta, na hapo sina ahadi ya kutoa. Ombi la kuitengeneza na kuongeza betri limepelekwa. Likipitishwa mtasikia, lisipopitishwa pia mtasikia, na mimi ndiye nitakayekuja kusema.

Wako walioniuliza kwa nini tusipeleke sampuli maabara za kitaifa moja kwa moja. Zipo, na baadhi ya vikundi hupeleka KEPHIS. Ni safari na ni foleni, na huko nako mashine hupashwa moto na kungojewa vile vile. Anayetaka njia hiyo afisa wa kilimo atamwelekeza.

Nimepitiliza dakika zangu. Mzee wangu pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja kofia, kwa hiyo yeye ndiye aanze na swali lake, na naona leo kofia ameiacha kichwani.